Udongo Chini, Mchanga Juu

Shangazi yangu haamini mchanga mweupe. Ukimletea kiganja cha mchanga mweupe unaometameta, atakuuliza umeutoa wapi, kisha ataumwaga kwenye kisosi, atadondoshea matone mawili ya siki na kuinama kuusikiliza. Ukitoa povu, umekwisha. "Huu una chokaa, utaniharibia maji," atasema, na kukurudishia. "Nenda kajengee ukuta."

Kazi yake ni kutengeneza matangi ya samaki, yale ya vioo yanayowekwa sebuleni na kwenye vyumba vya kusubiria, lakini ukimwita fundi wa samaki atakununia siku nzima. Yeye husema anapanda mimea. Samaki ni wapangaji tu. Kabla ya hapo alikuwa msaidizi wa maabara katika shule ya sekondari kwa miaka thelathini na mmoja. Aliosha chupa, alipima tindikali, aliwazuia watoto wa watu wasijilipue, na siku aliyostaafu walimpa saa ya ukutani pamoja na hotuba ambayo jina lake lilikosewa mara mbili. Hotuba ile anaiigiza mpaka leo. Anaiigiza vizuri, na mtu asiyemjua anaweza kudhani haikumuuma.

Yeye ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa darasa la nne, na baba, ambaye ni mdogo wake shangazi, alikuwa dereva, leo yuko huku kesho yuko kule, kwa hiyo nikahamia kwa dada yake na begi moja na mto wangu. Mimi nililala chumba cha mbele, na samaki wakalala chumba cha nyuma. Wakati huo tangi lilikuwa moja. Alipostaafu yakawa matano, na machujio yakatundikwa kwenye misumari ukutani, na uani ukikanyaga vibaya unatumbukiza mguu kwenye beseni la matope.

Matope hayo ndiyo siri yake. Watu wengi wakitaka tangi huanza na samaki. Shangazi huanza na uchafu. Huchukua udongo wa bustani, akauchekecha, akaulowesha kwenye beseni, akamwaga maji ya juu pamoja na vijiti na majani yaliyoelea, kisha akautandaza kwenye turubai ukauke. Ukikauka, anarudia. Mara nne, mara tano, mpaka ukiunusa haunuki kitu. Hapo ndipo unaingia tangini, unene wa vidole viwili, na juu yake mchanga wa mtoni wenye punje zinazolingana na chenga za mchele. Mchanga laini sana hushikana, mizizi ikakosa pumzi, na chini kukaanza kutoa harufu ya mayai viza. Changarawe kubwa nazo huacha udongo upenye na kuvuruga maji. Haya nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuyasema nikiwa usingizini, na nadhani nimewahi.

Kwenye chujio ndiko anakogombana na wateja. Wao hutaka pampu kubwa yenye mngurumo, wasikie kwamba kuna kitu kinafanya kazi. Yeye huweka sponji ndani ya boksi na pampu ndogo ya taratibu. "Maji yapite, yasikimbie," husema. Ndani ya sponji ndimo wanamoishi bakteria wanaokula sumu ya kinyesi cha samaki, na bakteria hao huchukua wiki nyingi kuzaliana. Ndiyo maana sponji haioshwi kwa maji ya bomba yenye dawa. Unaikamua ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, basi. Mwenye saluni mmoja aliwahi kumwambia anataka changarawe za rangi ya waridi zifanane na mapazia yake. Shangazi akamjibu atumbukize pazia lenyewe ndani ya maji, gharama itakuwa ndogo zaidi. Kazi ile hakuipata, na hakuijutia.

Nawaeleza haya ili mjue kwamba mwanamke huyu si mtu wa kubahatisha, na kwamba aliyemwibia aliiba kitu kilichokuwa na jasho.

Habari ililetwa na baba mwenyewe. Wakati huo alikuwa dereva wa mkurugenzi wa kampuni ya bima, na kampuni ilikuwa inajenga ukumbi mpya wa mapokezi, vioo kutoka sakafuni hadi darini, upande mzima ukitazama barabara. Mkurugenzi alitaka tangi la mita mbili na nusu, lenye mimea hai.

"Dada, safari hii umeula," baba akasema, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kule chumba cha nyuma. "Nimeshamdokeza bosi. Nimemwambia ninaye mtu."

Shangazi aliendelea kukamua sponji. Lakini niliona mkono wake umesimama kidogo, kisha ukaendelea. Matangi yake yote yalikuwa kwenye vyumba vya kusubiria vya watu wadogo wadogo, nyuma ya milango, na hakuna mgonjwa wa meno anayeuliza nani kapanda majani yale. Hili la sasa lingeonwa na barabara nzima. Jioni ile aliniambia anachokitaka, na kilikuwa kimoja: kibao kidogo pembeni ya kioo, kiandikwe jina lake, na lisikosewe.

Akafanya kazi miezi minne. Alijaza tangi kubwa la chumba cha nyuma kuwa la majaribio, akabadilisha mchanga mara tatu, akang'oa mimea na kuipanda upya, akapima maji asubuhi na jioni. Yote aliyaandika kwenye daftari la miraba, la kishule, pamoja na mchoro wa kurasa mbili: udongo unene gani, mchanga mrefu upande gani, chujio likae wapi, kila kichaka cha majani kwenye mraba wake. Daftari hilo halikuwa likitoka nje ya nyumba. Mimi mwenyewe niliruhusiwa kulishika nikiwa nimekausha mikono.

Baba akalitaka. "Bosi anataka kuona kabla hajaamua," akasema. Shangazi akalifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki kana kwamba baba alikuwa anakwenda kulivusha mto. Siku ya tatu likarudi. Wiki mbili baadaye baba akaja na uso mrefu akasema kazi imeahirishwa, mambo ya bajeti, tusubiri mwakani.

Wiki ileile mimi nikapigiwa simu na kampuni ya bima. Nilikuwa nimemaliza chuo miaka miwili nyuma na barua zangu za maombi zilikuwa zimezagaa mji mzima bila majibu. Sasa naambiwa nije mapokezi, miezi mitatu ya majaribio, halafu barua ya kuthibitishwa. Shangazi alipiga vigelegele peke yake uani mpaka jirani akauliza nani anaolewa. Alinishonea sketi mbili. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza alizipiga pasi yeye, akidai mimi nitaziunguza. Hakuna aliyefurahi kumzidi, na hilo ndilo linalonichoma.

Sikukaa mwezi mmoja kwenye kile kiti kabla mafundi hawajaingia na vioo. Tangi likasimamishwa mbele yangu kabisa, hatua kumi kutoka kwenye meza yangu. Nilishangaa. Baba alinipitia asubuhi na ufunguo wa gari mkononi, akainama juu ya kaunta.

"Wamepata kampuni nyingine ya mapambo," akasema kwa sauti ya chini. "Usimwambie shangazi yako. Utamvunja moyo bure. Mambo ya ofisini yaache ofisini, mwanangu."

Nikamtii. Nilirudi nyumbani kila jioni, nikala na shangazi, nikamsimulia habari za lifti na wageni wasiojua kusoma vibao, na tangi nikaliruka. Nilidhani namkinga na huzuni. Kumbe nilikuwa namfichia mwizi.

Ikawa siku moja nimesahau funguo za droo mezani nyumbani, na saa sita mchana shangazi akaniletea. Aliingia kwa ule mlango wa kioo akiwa amejifunga kiunoni kitambaa chake cha kijani, akinitafuta kwa macho. Hakunifikia. Aliliona tangi akasimama.

Mwanzoni alilitazama jinsi fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenziwe, kichwa kimeinama upande mmoja. Kisha akasogea. Akapitisha kidole hewani, kushoto kwenda kulia, akihesabu vichaka. Akainama kuona waya wa chujio. Chujio lilikuwa kushoto, na soketi ya umeme ilikuwa kulia, ukutani, kwa hiyo waya ulikuwa umevutwa nyuma ya tangi mita mbili na nusu na kubandikwa ukutani kwa utepe wa kahawia. Mchanga nao ulikuwa umeinuliwa sana upande wa kushoto, wenye giza, wakati mwanga wote wa barabara ulikuwa unaingia kutoka kulia.

Halafu akacheka. Ndiyo, alicheka, tena kwa sauti, mpaka mlinzi akageuka.

"Hii pete ya mawe hapa katikati ni ya nini?" akaniuliza.

Katikati ya tangi, mbele, palikuwa na duara tupu la mchanga lililozungushiwa vijiwe vya kahawia, kila kimoja kimewekwa kwa uangalifu. Mimi nilizoea kuliona. Nilidhani ni urembo.

"Hiyo ni chai yangu," shangazi akasema.

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, na alivyokuwa anaeleza kicheko kilikuwa kinamtoka usoni kidogo kidogo. Siku alipomaliza mchoro aliweka kikombe juu ya daftari. Kikombe kikaacha alama. Duara la kahawia, pale pale, kwenye mraba uleule. Aliyenakili mchoro hakujua lipi ni la tangi na lipi ni la kikombe, akayaweka yote. Na chujio liko kushoto kwa sababu chumba cha nyuma cha nyumbani kwetu soketi iko kushoto, na mchanga umepanda kushoto kwa sababu dirisha letu liko kushoto, na majani marefu yanafuata dirisha.

Pembeni ya kioo palikuwa na kibao cha shaba. Kiliandikwa jina la kampuni ya mapambo, na kila mtu pale ofisini alijua kwamba ni ya shemeji yake meneja utawala. Shangazi akakisoma chote, herufi kwa herufi.

"Daftari langu limetoka nje mara moja," akasema. Akaniwekea funguo juu ya kaunta na kwenda zake.

Nilibaki nimekaa. Mgeni aliniuliza choo kiko wapi nikamwelekeza kwenye lifti. Baba yangu. Mtu aliyekaa juu ya ndoo kule chumbani akanywa chai ya dada yake na kumwambia umeula.

Jumapili alikuja kama kawaida yake, na mfuko wa matunda. Shangazi alikuwa amelifungua daftari mezani, kwenye ukurasa wa lile duara. Hakumsalimia. Alimwonyesha kiti kwa kidevu. Baba alilitazama daftari, akanitazama mimi, akaanza kumenya chungwa.

"Wale watu wana wataalamu wao," akasema. "Mambo hufanana."

"Na chai hufanana?" shangazi akamuuliza.

Akamweleza habari ya duara. Baba hakulijua. Nilimwona linamwingia, na kisu kikasimama kwenye ganda. Alijaribu njia mbili tatu zaidi, mara bosi, mara fundi aliyepiga picha kwa siri, na kila njia shangazi alimngoja afike mwisho wake na kugonga ukuta. Mwishowe akaliweka chungwa chini.

"Ulitaka nifanyeje?" akasema. "Meneja utawala aliniita. Akaniambia, shemeji yangu anataka kazi ile lakini hajui kupanda. Nipatie mchoro, na mimi nina nafasi moja mapokezi. Huyu mtoto amekaa miaka miwili nyumbani. Wewe umeshastaafu, dada. Wewe hivi vitu ni vya kujifurahisha."

Kwa hiyo malipo ya mchoro yalikuwa kazi yangu. Nilisimama nikampigia baba kelele ambazo sikuwahi kumpigia mtu mzima. Nilimwambia kesho naacha kazi, nilimwambia nitakwenda kwa mkurugenzi nimwage kila kitu, nilimwambia asiniite mwanangu. Kwa kinywa kipana kabisa. Baba aliinamisha kichwa. Shangazi ndiye aliyenishika mkono akanikalisha.

"Huachi kazi," akaniambia. Kisha akamgeukia ndugu yake, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ungeniomba, ningekupa. Kwa ajili ya huyu ningeuchana ule ukurasa kwa mkono wangu nikakukabidhi. Kwa nini hukuniomba?"

Baba aliliokota tena chungwa akaendelea kulimenya. Mimi nadhani jibu lilikuwepo, nalo ni baya kuliko wizi: hakudhani kwamba kile kitu kina thamani ya kuombwa.

Aliondoka, matunda yake yakabaki mezani. Tuliyala, sitawadanganya.

Tangi lenyewe halikumaliza wiki sita. Kuna mambo shangazi hakuyaandika kwa sababu kwake ni sawa na kuandika kwamba mtu avute pumzi. Hakuandika kwamba udongo unaloweshwa na kuanikwa mara tano. Wao waliutoa kwenye gunia wakaumwaga, mbolea na yote. Hakuandika kwamba samaki wanasubiri mpaka maji yapimwe. Wao walitia samaki arobaini siku ya pili ili wapige picha. Maji yakawa na rangi ya maziwa yaliyochujuka, kisha ya kijani. Fundi wa mapambo akaja, akatoa sponji, akaiosha kwenye sinki la chooni kwa maji ya bomba na sabuni ya mikono. Niliona kwa macho yangu. Kesho yake samaki walikuwa wote juu, midomo nje, wakipumua kwa shida, na mfagiaji akaanza kuja asubuhi na mapema na ndoo yenye kifuniko.

Wajumbe wa bodi walikuwa wanakuja Ijumaa. Jumatatu jioni baba akasimama kwenye lango la uani, hakuingia ndani.

"Meneja ananisumbua," akasema. "Anasema nilimletea mchoro mbovu. Anasema tangi lisipokaa sawa kabla ya Ijumaa, huyu asitegemee barua yake. Miezi mitatu inaisha mwisho wa mwezi."

Mimi nikasema heri nisipate hiyo barua. Shangazi alikuwa amechuchumaa kwenye beseni, mikono ndani ya matope hadi viwiko.

"Nitakwenda," akasema. "Kwa ajili ya huyu, na kwa ajili ya wale samaki. Sitaki kitu chenu. Sitasema neno nisipoulizwa. Lakini akitokea mtu akauliza mimi ni nani, asiambiwe uongo mbele yangu. Hilo tu."

"Nani atakuuliza?" baba akasema.

"Akiuliza yeyote, mimi mwenyewe nitamwambia," nikasema. "Nitamwambia huyu ni shangazi yangu, na tangi ni lake, daftari ni lake, na hata hayo mawe ni ya kikombe chake." Nilitaka baba asikie. Shangazi alinitazama, akatabasamu, akanipaka tope kwenye pua. Ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu tangu siku ya funguo.

Jumanne alifika saa mbili asubuhi. Kwenye kitabu cha wageni aliandika jina lake lote kwa mwandiko wa maabara, nami nikampa kadi ya mgeni aivae shingoni, kwa kuwa ndiyo sheria. Alifanya kazi kwa saa nne. Alitoa maji nusu kwa mpira, akaingiza maji aliyoyalaza kwenye madumu ili dawa iishe, akang'oa majani yaliyooza. Pale udongo ulipokuwa umechomoza akafunika kwa mchanga wake mwenyewe, kiganja kwa kiganja, bila kuvuruga. Chujio akalihamishia kulia karibu na soketi. Mwishoni akatoa ndani ya mfuko sponji ya tangi lake la zamani kuliko yote, ile ya miaka tisa, nyeusi, mbovu kuitazama. Akaitia ndani ya boksi lao. Nilijua maana yake. Tangi lake la nyumbani lingekaa wiki nyingi likiyumba bila ile sponji.

Pete ya mawe hakuigusa. Nilimpelekea kiti cha kupandia, nikamwuliza kwa nini asiitoe. "Hiyo si yangu kuitoa," akasema.

Saa sita mkurugenzi akashuka. Lifti ikafunguka, akatoka yeye na meneja utawala nyuma yake, na baba akaingia kutoka nje na ufunguo wa gari, tayari kumpokea. Mkurugenzi akasimama mbele ya tangi. Maji hayakuwa yamekuwa kioo bado, lakini samaki walikuwa wameshuka chini, wanazunguka majani. Shangazi alikuwa amesimama pembeni akikausha mikono kwa kile kitambaa chake cha kijani.

"Afadhali," mkurugenzi akasema. "Huyu mama ni nani?"

Hakumuuliza yeye. Aliuliza hewani, wanavyouliza wakubwa.

"Ni mtu wa usafi, bosi," baba akasema haraka. "Tumemwita asafishe kioo."

Alimsemea dada yake hivyo akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Niliinuka kwenye kiti. Nafikiri kiti kiligonga ukuta, kwa sababu mkurugenzi aligeuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe alionekana kuniona.

"Wewe unamfahamu? Nimeona mnazungumza."

Shangazi alinitazama pia. Hakuwa na wasiwasi. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, uso wa mtu anayengoja kitu alichoahidiwa. Nyuma ya bega la mkurugenzi, meneja utawala alikuwa ananitazama bila kupepesa. Maneno yote nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyasema uani, nilikuwa nimeyarudia asubuhi nikichana nywele.

"Hapana, bosi," nikasema. "Alikuwa anaomba kiti."

Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa. "Amefanya vizuri. Mpeni maji ya kunywa," akasema, na kutoka nje, baba mbele yake akikimbilia kufungua mlango wa gari.

Shangazi alikusanya vitu vyake. Aliviringisha mpira, akapanga madumu, akafuta matone ya maji sakafuni kwa kitambaa chake ili mtu asiteleze. Hakuharakisha wala hakunikwepa. Kisha akaja kwenye kaunta, akaivua ile kadi ya mgeni shingoni na kuiweka mbele yangu. Nikamsogezea kitabu. Akaangalia saa, akaandika muda wa kutoka, akatia sahihi, akanirudishia kalamu.

"Asante, dada," akasema, kama wanavyoniita wageni wote.

"Karibu tena, mama," nikamjibu, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa kumjibu kila mgeni.